Chai ya kijani si chungu, ni wewe umeichemsha

Muulize mtu hapa Unguja kwa nini haipendi chai ya kijani. Atakwambia chungu, haimezeki. Muulize kaipika vipi, atakwambia kama chai yoyote: katia majani kwenye sufuria, katia na kipande cha tangawizi, kaiacha jikoni mpaka ikakolea. Basi hukumu yake ni ya haki, ila aliyehukumiwa siye.

Siku hizi majani ya kila namna yamezagaa. Rafu za maduka ya mjini zina pakiti za kijani, nyeupe, na nyingine zenye majina ya Kichina. Jamaa akirudi kutoka Muscat au Guangzhou hakosi kopo moja la zawadi. Simu nazo hazinyamazi: ujumbe huu unasema chai ya kijani inayeyusha kitambi, ule unasema haina kafeini, mwingine unauza “chai” ambayo ndani yake hamna hata jani moja la chai. Watu wamechanganyikiwa, na pakiti zenyewe haziwasaidii, maana nyingi zimeandikwa kwa lugha ya wateja wa kwengine.

Mti ni mmoja

Chai, kwa maana tutakayoitumia hapa, ni kinywaji cha majani ya mmea mmoja tu, mchai, ambao wataalamu wa mimea wanauita Camellia sinensis. Una jamii mbili kubwa: ya Kichina yenye majani madogo, na ya Assam, kaskazini mashariki mwa India, yenye majani mapana. Chai nyeusi (ndiyo hii ya kila siku), chai ya kijani, chai nyeupe na ile iitwayo oolong zote zinatoka humo. Mkulima akitaka anaweza kuzitoa zote kwenye kichaka kimoja. Hakuna mti wa chai ya kijani.

Mchaichai, choya, tangawizi na mdalasini si chai kwa maana hiyo. Sisemi si vizuri. Kwetu jioni hupikwa mchaichai mara nyingi kuliko majani. Lakini tofauti hii ina kazi jikoni. Mchaichai na mdalasini havina kafeini, na vinataka moto ili vitoe harufu. Vichemshe robo saa nzima, vitakushukuru. Jani la chai ukilifanyia hivyo linakulipa uchungu. Tumechukua mazoea yanayokifaa kitu kimoja tukayahamishia kwenye kingine, basi.

Sisi wenyewe hatulimi chai ya kuuza. Majani yetu huvuka bahari kutoka Bara, yaani Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara, ambako Wajerumani waliupanda mchai pale Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Mengine yanatoka Kenya, kwenye nyanda za juu kama Kericho, na mengine Sri Lanka.

Kinachotokea baada ya kuchumwa

Menya ndizi mbichi za kupika, kisha ziache bila ya kuzitia majini. Baada ya muda zinapiga weusi. Ndani ya ndizi kuna kimeng'enya ambacho kikikutana na hewa hugeuza rangi ya nyama yake. Jani la chai lina kimeng'enya cha aina hiyohiyo, na karibu siri yote ya aina za chai imo humo: umekiachia kifanye kazi kiasi gani, na umekizima lini.

Kwa chai nyeusi kinaachiwa mpaka mwisho. Jani likishachumwa huachwa linyauke, husokotwa ili lipasukepasuke kwa ndani na majimaji yake yakutane na hewa, huachwa likageuka kahawia, halafu hukaushwa kwa moto. Kwa chai ya kijani moto unakuja mapema, kabla jani halijageuka: Wachina hulikaanga kavu kwenye karai kubwa, Wajapani hulifukiza kwa mvuke. Kimeng'enya kinakufa, jani linabaki na rangi yake. Oolong imekaa katikati. Zipo zinazokaribia kijani na zipo zinazokaribia nyeusi, ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana juu ya oolong na wote wakawa wakweli. Nyeupe huguswa kidogo kuliko zote: vichipukizi vyenye vinyweleo vyeupe hunyaushwa na kukaushwa, kazi imekwisha. Ipo pia pu-erh ya jimbo la Yunnan huko Uchina, inayoivishwa na vijidudu kwa miezi au hata miaka, yenye harufu ya udongo uliolowa. Wapo wanaoipenda hadi kufilisika; mimi bado sijashawishika.

Kuna tofauti ya pili ambayo watu huisahau, nayo kwa jikoni zetu ni kubwa kuliko ya rangi. Majani tunayonunua kila siku si majani hasa, ni punje. Yanapitishwa katikati ya mapipa ya chuma yenye meno, ambayo yanalisaga, yanalichana na kulikunja jani kwa mara moja. Mashine hiyo ilizaliwa Assam miaka ya 1930, na leo sehemu kubwa ya chai ya Kenya na Tanzania hupita humo. Zile herufi unazoziona kwenye baadhi ya pakiti, PF1, BP1, PD, zinahusu ukubwa wa punje. Hata “Orange Pekoe” ni daraja la jani, halina uhusiano wowote na machungwa; nimeshamsikia muuzaji akimwapia mteja kwamba limetiwa maganda.

Punje ina sifa zake. Imechanika kila upande, kwa hiyo inatoa rangi na ukali wote kwa dakika mbili tatu, tena kijiko kimoja kinatosha buli zima. Ukiichemsha na maziwa, protini ya maziwa iitwayo kasini inashikana na vile vitu vinavyokausha ulimi, ukali unalainika, na iliki na tangawizi zinapata mahali pa kusimama. Chai ya maziwa ya kuchemsha ni upishi kamili wenye sababu zake. Mgeni akikwambia kwamba chai haichemshwi, mpe kikombe na chapati ya moto, halafu muulize tena.

Na kwa kuwa tumefika kwenye tangawizi: maziwa yakikatika sufuriani, muuza maziwa ndiye anayelaumiwa. Mara nyingi mkosa ni tangawizi mbichi, ambayo nayo ina kimeng'enya chake, na hicho hugandisha maziwa yakipata vuguvugu. Ichemshe kwanza na maji mpaka itokote vizuri, ndipo utie maziwa. Moto wa kutokota unakiua.

Maji, moto na muda

Sasa jani zima, la kijani au la oolong, halikuchanwachanwa. Linajitoa polepole na kwa mpangilio. Vile vinavyoleta utamu na ladha ya supusupu, hasa kitu kiitwacho theanini, hutoka hata kwenye maji ya moto wa wastani. Katechini, zenye uchungu na ukakasi, pamoja na kafeini, hutoka kwa wingi zaidi maji yakiwa makali na muda ukiwa mrefu. Kuchemsha chai ya kijani ni kuvuta chungu yote nje kwa nguvu na kuizamisha tamu ndani yake.

Vipimo vinavyofaa kuanzia ni hivi. Kikombe cha mililita 200 kinataka gramu 2 hadi 3 za majani, ambazo kwa punje ni kijiko cha chai kilichosawazishwa. Chai nyeupe ni nyepesi na imejaa hewa, kwa hiyo huchukua hata vijiko viwili vikubwa. Oolong iliyoviringwa ni nzito, kijiko kidogo kinatosha na ushei. Nyeusi ya majani mazima, mimina maji yanayochemka, dakika 3 hadi 5. Oolong, digrii 85 hadi 95, dakika 3 hivi. Nyeupe, karibu digrii 80, dakika 4 au 5. Kijani, digrii 70 hadi 80, dakika 2, na ile ya Kijapani hata pungufu. Muda ukifika, chuja. Usiache majani yakae humo eti yaendelee kukolea.

Kipimajoto huna, najua. Fanya hivi: chukua vikombe vitatu vya maji yaliyochemka sasa hivi, ongeza kimoja cha maji safi ya kunywa yaliyokaa nyumbani. Kwa joto letu, maji hayo ya nyumbani yana digrii 28 au zaidi kidogo, na ukifanya hesabu mchanganyiko unaangukia kwenye 82. Buli likishachukua sehemu yake unabaki na 80 au chini kidogo. Usitumie maji ya friji, hesabu itaharibika.

Majani mazima hayatupwi baada ya maji ya kwanza. Oolong nzuri hupokea maji mara tatu nne, na kwa wengi kikombe cha pili ndicho kitamu kuliko cha kwanza, kwa sababu jani limeshafunguka. Punje haina cha pili, ilishatoa yote.

Ugomvi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye maji yenyewe. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita kwenye mawe hayo yanabeba chokaa. Ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kwenye chai chokaa hufanya mambo mawili: huitia giza rangi, na huleta ule utando juu ya kikombe unaovunjikavunjika ukikoroga. Watu huuona wakadhani majani yametiwa mafuta au kikombe hakikuoshwa. La, ni chokaa imeshikana na vitu vya chai vikakutana na hewa. Tone la ndimu linauondoa, na rangi ya chai inapauka papo hapo kwa sababu asidi huigeuza, si kwa sababu chai imepungua nguvu.

Kwa chai nyeusi yenye viungo chokaa haisumbui sana. Kwa kijani na nyeupe inaua. Chemsha maji yako, yaache yatulie mpaka vumbi jeupe lizame, mimina ya juu polepole, kisha yapashe tena. Wenye tangi la mvua wana bahati: maji ya mvua hayana chokaa, na ukiyachuja na kuyachemsha vizuri hutayapata ya chai bora kuliko hayo. Vijiji vya pwani ambako visima vina chumvichumvi, bora kununua maji kwa ajili ya majani ya bei. Punje na mchaichai endelea nayo kama kawaida.

Halafu kuna chupa ya chai. Chai nyeusi iliyochujwa hukaa humo saa kadhaa bila ya neno. Ya kijani usiitie. Joto likiendelea kuishika inageuka kahawia na ladha inalala. Ukitaka ya kukaa, itie baridi: gramu 10 kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, weka ndani ya friji usiku kucha, asubuhi chuja. Maji ya baridi hayatoi uchungu mwingi, na kafeini hutoka kidogo pia.

Kuonja bila sukari

Hapa ndipo nnapopoteza marafiki. Kuonja chai maana yake funda la kwanza halina sukari. La pili fanya utakavyo. Sukari haijakatazwa na mtu. Lakini vijiko vitatu vya sukari vikitangulia, umeonja sukari.

Chukua vikombe viwili vya ukubwa mmoja, vyeupe kwa ndani ili rangi isikudanganye. Tia majani ya aina mbili kwa kiasi sawa, mimina maji wakati mmoja, chuja wakati mmoja. Anza na punje zako za kila siku dhidi ya chai nyeusi ya majani mazima. Nusa majani yaliyolowa kabla ya kunywa. Humo harufu ni kali kuliko kwenye kikombe. Kisha vuta funda kwa kelele, weka adabu ya mezani pembeni. Kelele ile ni hewa inayotawanya chai mdomoni na kupandisha harufu puani kwa nyuma ya koo, na nusu ya unachokiita ladha kinatokea huko.

Sikiliza mambo matatu ambayo watu huyatia kapu moja. Uchungu unakaa kwenye ulimi. Ukakasi ni ule mkauko unaoshika ulimi, ufizi na kuta za mashavu baada ya kumeza. Uzito ni kama chai inajaza mdomo au inapita kama maji matupu. Chai nyeusi nzuri ya nyanda za juu ina ukakasi wa kuamsha, uzito, na uchungu kidogo sana. Ukipata uchungu mkubwa, punguza muda kwanza, moto baadaye. Ukipata chai dhaifu, ongeza majani, usiongeze dakika. Ukiongeza dakika unaongeza ukali, ladha inabaki palepale.

Wanaoonja kwa kazi hawafanyi kama sisi. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina kanuni yake namba 3103, iliyotoka 1980: gramu 2 kwa kila mililita 100, maji yanayochemka, dakika 6. Chai hiyo haikusudiwi kunyweka. Ni kali makusudi ili kila kasoro ya jani ijitokeze. Mtu akikutumia kanuni hiyo kama “njia sahihi ya kupika chai”, mpuuze.

Yanayosemwa simuni

Kwamba chai ya kijani haina kafeini: inayo. Kikombe cha chai, kijani au nyeusi, kwa kawaida huwa na miligramu 30 hadi 50 kutegemea jani na muda, kahawa ya kuchuja ina karibu 95. Asiyelala kwa kahawa ya barazani asijidanganye na kijani saa nne usiku. Rangi nayo haipimi nguvu. Chai nyeupe iliyotengenezwa kwa vichipukizi inaweza kutoka na manjano ya kupaukia huku imebeba kafeini sawa na nyeusi, kwa sababu kichipukizi ndicho chenye kafeini nyingi kwenye mmea.

Kwamba inayeyusha kitambi: tafiti zilizokusanywa pamoja zimeona kupungua kwa uzito kudogo mno, kiasi ambacho suruali haitakijua. Ukiacha vijiko vitatu vya sukari kwa sababu ya kunywa kijani, hapo utaona tofauti, lakini sifa ni ya sukari uliyoiacha. Vidonge vya dondoo ya chai ya kijani ni habari nyingine, tena si ya mzaha. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba dozi za miligramu 800 za EGCG (moja ya zile katechini) au zaidi kwa siku, kutoka kwenye vidonge kama hivyo, zinaweza kudhuru ini. Kikombe hakina tatizo hilo.

Jambo moja la kweli halisambazwi kabisa. Chai, ya rangi yoyote, ikinywewa pamoja na chakula hupunguza mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mboga za majani. Mjamzito au mtu aliyeambiwa ana upungufu wa damu asubiri saa moja hivi baada ya kula ndipo anywe. Kwa nyumba zinazofungua kwa chai na futari kwa pamoja, hili si dogo.

Majani na harufu za watu

Jani la chai lililokauka linanyonya unyevu na harufu. Kwa hewa yetu, pakiti iliyofunguliwa wakati wa masika inalainika kwa siku chache. Majani yanayokunjika badala ya kukatika yameshaanza kufa. Yahifadhi kwenye kopo la bati linalofunga kweli, mbali na jiko, mbali zaidi na dagaa. Na wa Pemba wajue kwamba msimu wa karafuu ni hatari. Kopo lisilofunga likikaa chumba kimoja na magunia, baada ya wiki chai nyeupe yote inanuka karafuu. Nyeusi huivumilia harufu hiyo, hata inapendeza.

Tabia hiyohiyo Wachina wameigeuza kazi. Chai yao ya asumini, inayosifika hasa ya Fuzhou, haitiwi manukato. Majani ya kijani hulazwa pamoja na maua yakanyonya. Na ua lenyewe, Jasminum sambac, ndilo asumini yetu hii hii ya vikuba na ya kutunga. Nashangaa hatuifanyi.

Chuma vikonyo vya asumini alasiri, vilivyokaribia kupasuka lakini havijapasuka, kwenye mti usiopigwa dawa. Vinafunguka usiku, na harufu hutoka wakati huo. Likianza giza, vichanganye na majani ya kijani makavu, konzi kwa konzi, ndani ya bakuli la udongo au la gilasi, funika kwa kitambaa chepesi. Alfajiri toa maua yote. Yakibaki yanaleta uchungu. Majani yatakuwa yamelegea kwa unyevu wa maua, kwa hiyo yatandaze kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo kabisa, ukiyageuza kwa mkono, mpaka yakatike tena yakivunjwa. Ukiruka hatua hii yataota ukungu ndani ya kopo. Rudia usiku wa pili kwa maua mapya ukitaka harufu kali, kausha tena, tia kopo, na uimalize ndani ya wiki mbili. Maji yake ni yale ya vikombe vitatu kwa kimoja, dakika mbili.